Falsafa kwa finalisti wa Goma: anza na sentensi ambayo hakuna aliyeisema

Kozi ya falsafa katika shule zetu nyingi za Goma, mashariki mwa Kongo, huanza namna ileile. Mwalimu anaandika neno la Kigiriki ubaoni, analikata vipande viwili, wanafunzi wanaandika "upendo wa hekima", kisha majina yanapanga foleni: Thales, Socrates aliyenyweshwa sumu mwaka 399 kabla ya Kristo, Plato, Aristotle, mpaka kaye (daftari) inajaa. Finalisti, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, anakariri, anapata 8 juu ya 10 kwenye interro (jaribio la darasani), na jioni ileile anasambaza kwenye kundi la WhatsApp la kartie (mtaa) sauti ya mtu asiyemjua inayosema Ziwa Kivu litalipuka usiku huu. Kichwani mwake mambo hayo mawili hayahusiani kabisa. Kosa si lake.

Njia ninayoitetea hapa inageuza mpangilio: Wagiriki waje baadaye. Kwanza mwanafunzi ajifunze kazi moja tu, nayo ni kutafuta sentensi ambayo msemaji hakuisema lakini bila hiyo maneno yake hayasimami. Aristotle mwenyewe aliliona jambo hili: katika mazungumzo ya kawaida watu hawasemi hoja nzima, wanaacha kipande wanachodhani msikilizaji anacho tayari. Mara nyingi kipande hicho ndicho kinachobeba uzito wote, na ndicho hakuna anayekichunguza, kwa kuwa hakikutamkwa.

Tuchukue Kituku, kando ya ziwa hapa mjini. Mtu anachota maji ya ziwa, bido (dumu) ya lita 20, anasema: "Maji haya ni meupe kabisa, mnaweza kunywa." Ubaoni inaandikwa mistari mitatu:

Sababu: maji haya ni meupe.
Iliyofichwa: kila kinachodhuru ndani ya maji kinaonekana kwa macho.
Hitimisho: maji haya yanafaa kunywa.

Mstari wa katikati uandikwe mwisho. Acha pengo, chora mabano matupu, wanafunzi walijaze wenyewe. Ukishaandikwa, mwalimu hana haja ya kuubomoa. Kila mtoto wa Goma amesikia habari za kipindupindu, na wengi wanajua kwamba kidudu chake hakibadilishi rangi ya maji. Julai 1994, kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji huu zilipoteza maelfu ya watu kwa kipindupindu ndani ya majuma machache.

Ila wasimcheke aliyesema. Yeye ana nusu ya ukweli: maji yenye tope yanastahili kushukiwa. Ameteleza pale alipoigeuza sentensi. "Yakiwa na tope, yanadhuru" haizai "yasipokuwa na tope, hayadhuru". Mwanafunzi akisumbuka hapo, mpe mfano usio na hatari: mvua ikinyesha, barabara inaloa. Je, isiponyesha, barabara haiwezi kuloa? Bomba likipasuka, inaloa. Geuza hivyo sentensi tano au sita mfululizo kabla ya kwenda mbele, maana kosa hili litarudi mwaka mzima.

Somo moja, dakika 50

Nachukulia darasa la wanafunzi 50 au 60, benchi za watatu watatu, hakuna fotokopi. Siku moja kabla, kila mmoja aombwe kuleta sentensi moja aliyoisikia nje ya shule yenye "kwa hiyo", "ndiyo maana", "kwa sababu" au "basi". Maneno hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba mtu anatoa hoja na si kupiga hadithi tu. Jina la aliyesema lisiandikwe popote.

Dakika 5 za kwanza zinatosha kusomewa sentensi kama kumi na kuchagua tatu. Ya kwanza mnaifanya pamoja ubaoni kwa dakika 10. Ya pili inafanywa na benchi kwa dakika 20, na hapa ndipo penye kazi: kila benchi itoe sentensi iliyofichwa moja tu, ambayo wote watatu wameikubali. Ukiruhusu kila mtu na yake, hawatabishana, watanakili. Kisha dakika 10 za kulinganisha majibu ya benchi tano, yote yakiwa yameandikwa ubaoni bila alama ya sawa wala kosa. Dakika 5 za mwisho ni za kimya: kila mtu afanye ya tatu peke yake na kuacha kaye mezani.

Kinachokula muda kuliko unavyodhani ni kutofautisha hitimisho na sababu. Barabarani hitimisho husemwa kwanza, kwa mfano juu ya motari, dereva wa pikipiki ya abiria: "Usipande na motari huyu, hana kofia." Wanafunzi wanachukua kinachotangulia kuwa sababu. Dawa yake ni kuuliza "kwa nini?" kwa kila nusu. "Usipande. Kwa nini? Hana kofia." Inakaa. "Hana kofia. Kwa nini? Usipande." Haikai. Nusu inayojibiwa na nyingine ndiyo hitimisho.

Sentensi iliyofichwa nayo ina masharti. Lazima iwe daraja: ukiisoma pamoja na sababu, hitimisho litoke lenyewe. Wengi mwanzoni wanaandika hitimisho lilelile kwa maneno mengine ("maji haya ni mazuri"), na daraja hakuna. Pili, isiwe kubwa kuliko inavyohitajika. Kwa yule motari, benchi moja itaandika "kila asiyevaa kofia ni mwizi". Hapana. Inatosha "dereva asiyejali kichwa chake hatajali changu". Hii ya pili ni ngumu zaidi kuipinga, na ndiyo maana inapendelewa: anayemwekea mwenzake sentensi ya kijinga mdomoni ili aivunje, hajavunja kitu. Nikilazimika kuchagua jambo moja la kusisitiza katika kozi yote, ni hili la pili, kwa sababu vijana wanapenda sana kushinda.

Baada ya hapo ndipo inatafutwa kesi moja ya kupinga: mahali halisi ambapo sababu ipo na hitimisho halipo. Kesi moja inatosha kama sentensi inasema "kila" au "kamwe". Kama inasema "mara nyingi", kesi moja haitoshi, na mwanafunzi anayepiga kelele "lakini mjomba wangu…" aambiwe hivyo kwa upole.

Yanayoharibika yanajulikana. Mwanafunzi anamshambulia msemaji ("huyo ni mlevi") badala ya sentensi. Mwambie aandike tena kana kwamba maneno hayo yamesemwa na mama yake. Mwalimu anawapa majina ya Kilatini ya makosa ya hoja, na kesho yake yanatumika kama mawe. Yafiche majina hayo mpaka muhula wa pili. Mwingine anakimbilia "kila mtu ana maoni yake", kauli inayofunga mdomo wa kila mtu, pamoja na wake mwenyewe. Muulize kama hayo ni maoni yake tu. Na lile baya kuliko yote: darasa zima linasoma uso wa mwalimu kutafuta jibu, maana wamezoeshwa maswali ya kuchagua ambamo jibu moja tu ndilo sahihi. Hapo mwalimu ageuke atazame ubao, ahesabu polepole mpaka kumi, asiseme neno. Kimya hicho kinachosha, lakini kinafanya kazi.

Kuna jambo moja husahaulika. Kufichua sentensi si kuipinga. "Mtoto ana homa kali, kwa hiyo tumpeleke kituo cha afya" nayo ina iliyofichwa: "homa kali ya mtoto haifai kungojewa". Katika nchi yenye malaria, hiyo ni kweli na inasimama. Darasa likipewa sentensi mbovu tupu kwa majuma matatu, litajifunza kwamba kufikiri ni kukataa, na nyumbani kila neno la mzazi litakataliwa. Katika kila sentensi tatu, moja iwe nzima.

Vyumba vinne

Wanafunzi wengi wamesikia nyumbani kwamba ukiota meno yanang'oka, mtu wa familia atakufa. Uthibitisho unaotolewa ni kwamba ilimtokea shangazi. Chora mraba wenye vyumba vinne: ndoto ipo na msiba upo; ndoto ipo, msiba haupo; ndoto haipo, msiba upo; vyote viwili havipo. Masimulizi ya nyumbani yanajaza chumba cha kwanza peke yake. Nani amewahi kuamka akatangaza, juma moja baadaye, kwamba aliota meno na hakuna aliyekufa? Sentensi iliyofichwa ni kwamba vyumba vitatu vilivyobaki ni vitupu, au havina maana.

Kuvijaza kunahitaji masharti kabla ya kuanza: ni ndugu gani wanaohesabiwa (orodha ya majina, tuseme 20) na siku ngapi baada ya ndoto (tuseme 7). Bila orodha, "mtu wa familia" hupanuka mpaka binamu wa shemeji aliyeko Butembo, na kwa ukubwa wa familia zetu msiba haukosekani mahali. Bila siku, ndoto ya Januari inalipwa na kifo cha Septemba. Hesabu ya mfano ni hii: ndoto 24, na ndani ya siku 7 zilizofuata misiba 2. Inaonekana kitu. Lakini majuma 120 yasiyo na ndoto yalikuwa na misiba 10. Mbili katika 24 ni moja kwa 12; kumi katika 120 ni moja kwa 12. Ndoto haikuongeza kitu. Wanafunzi wa sayansi wanaipenda sana sehemu hii, wa lettres (lugha na fasihi) wanalalamika kidogo.

Kama darasani kuna aliyefiwa karibuni, acha ndoto na misiba. Tumia mbwa kubweka usiku na tetemeko la asubuhi. Vyumba ni vilevile.

Ziwa, na onyo ambalo halikutimia

Hakuna mfano ulio karibu na sisi kuliko huu, na unastahili masomo matatu mazima. Hoja inayozunguka mjini kila Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji, inapounguruma ni hii: Ziwa Nyos la Kameruni lilikuwa na gesi chini, Agosti 21, 1986 gesi ikatoka ikaua watu kama 1,700; Ziwa Kivu lina gesi chini; kwa hiyo volkano ikitema, Kivu litatuua.

Hii ni hoja ya mfanano, na sentensi yake iliyofichwa husema: vitu hivi viwili vinafanana katika kile kilichosababisha tukio. Kwa hiyo orodha mbili ziandikwe ubaoni. Yanayofanana: gesi ya kaboni (kaboni dioksidi) iliyoyeyuka katika maji ya kina, ikishikiliwa pale na mgandamizo wa maji yaliyo juu yake. Yanayotofautiana: Nyos ni ziwa dogo la shimo la volkano, lenye kina cha karibu mita 208, Kivu lina kina cha mita 485, lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000, maji yake yamejipanga kwa tabaka zisizochanganyika kirahisi, na gesi nyingi iko chini ya mita 260 hivi. Kivu lina gesi nyingi mno kuliko Nyos, kama kilomita za ujazo 300 za kaboni na 60 za metani zikipimwa katika hali ya kawaida ya hewa. Mwanafunzi makini ataona kwamba orodha inavuta pande zote mbili: kulitikisa Kivu kunahitaji nguvu kubwa zaidi, lakini likitikisika madhara ni makubwa zaidi.

Kisha mwanafunzi mmoja atasimama na kusema: Januari 17, 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikaingia ziwani, na gesi haikutoka, kwa hiyo hakuna hatari. Mpokee vizuri, maana ameleta ushahidi badala ya sauti ya WhatsApp. Halafu mwambie atafute yake iliyofichwa. Ni hii: kisichotokea mara moja hakitatokea kamwe. Au, kwa namna iliyo nafuu: kila lava itakayokuja itaingia kwa kiasi na kwa kina kama ile ya 2002. Wataalamu wanaofuatilia ziwa hawakubali hata moja kati ya hizo mbili, ndiyo maana wanaendelea kupima.

Somo la tatu ni la Mei 2021. Mlima ulitema tarehe 22, lava ikasimama kabla ya uwanja wa ndege, kisha matetemeko yakautikisa mji kwa siku kadhaa. Tarehe 27 serikali ya mkoa iliamuru kartie 10 kati ya 18 zihame, kwa hofu ya magma iliyokuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Watu walitembea mpaka Sake, wengine wakavuka kwenda Rwanda, wengine wakapanda boti za Bukavu. Mlipuko wa pili haukuja. Mpaka leo utasikia: "Walitudanganya, hakuna kilichotokea."

Iliyofichwa: onyo lisilotimia lilikuwa uongo. Usiwaambie wanafunzi kama ni sahihi au si sahihi. Wape namba za kubuni. Tuseme uwezekano wa mlipuko ulikuwa 1 kwa 10. Ungehamisha watu? Wengi watasema ndiyo. Basi, kati ya mara kumi za kuhamisha kwa busara, ngapi zitaishia bila mlipuko? Tisa. Uamuzi unapimwa kwa kilichojulikana siku ulipofanywa, na matokeo ni jambo jingine. Bado pana nafasi ya kulaumu: je, taarifa zilitolewa mapema, watu walipewa maji njiani, nani alilinda nyumba? Hizo ni lawama nyingine zenye sababu zake, na darasa lizitenganishe na neno "uongo". Kuchanganya lawama ni kosa la kawaida sana la vijana, na la wakubwa pia.

Kwa nini mbuzi wangu?

Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Bulengo na Lac Vert, kuna mazuku: gesi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa karibu mara moja na nusu, inayotulia kwenye mabonde na mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mbuzi akiinama kula pale anaanguka. Mtu aliyesimama huenda asihisi kitu. Akiinama kumwokota mbuzi, naye anaanguka. (Kuna walimu wenye wazo la kwenda na wanafunzi na mshumaa kuona moto unavyozimika. Usifanye. Gesi inayozima mshumaa tayari imefika kiwango cha kumwangusha mtoto.)

Mwalimu akimaliza kueleza, mwanafunzi mmoja atauliza: sawa, gesi, lakini kwa nini mbuzi wetu, na kwa nini siku ile tuliyogombana na jirani? Watu wengi wanaojiona wasomi hulicheka swali hili. Wanakosea. Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wazande ambao nchi yao inaingia mpaka kaskazini mwa Kongo, alieleza habari ya ghala lililoanguka na kuumiza watu waliokaa chini yake kivulini. Wazande walijua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Walichokuwa wanauliza ni kwa nini lilianguka saa ileile watu wale walipokuwa pale. Mchwa wanaeleza ghala kuanguka. Wale watu, saa ile, mchwa hawawaelezi.

Kwa hiyo ubaoni ziandikwe safu mbili: "ilitokeaje" na "kwa nini mimi". Gesi inajaza ya kwanza. Anayejibu ya pili kwa kumtaja jirani ana sentensi yake iliyofichwa: kila baya linalonipata, kuna mtu aliyelikusudia. Hapa falsafa inaanza kwa kweli, maana kuna jibu la tatu ambalo wanafunzi hawalipendi: kwamba safu ya pili inaweza kubaki tupu. Mambo mawili yenye sababu zake tofauti yanaweza kukutana bila sababu ya kukutana kwao. Waachie juma zima wabishane. Wenye imani watasema Mungu ndiye anayejua safu ya pili, na hilo ni jibu la kujadiliwa kwa heshima. Lakini kutoka hapo kufika kwa bibi fulani wa avenue fulani kuna daraja jingine, na daraja hilo lichunguzwe kwa ukali wote, kwa sababu watu wanapigwa na watoto wanafukuzwa nyumbani kwa ajili yake.

Mengine kwa haraka

Michezo ya pesa ya "leta watu watano": iliyofichwa ni kwamba watu wa kuletwa hawamaliziki. Wanafunzi wazidishe wenyewe: 5, 25, 125, 625, 3,125, 15,625, 78,125, 390,625. Hatua ya tisa inadai watu 1,953,125. Wazazi wao wanaweza kuwasimulia Bindo, mchezo kama huo wa mwaka 1991. Likelemba (kuchanga pesa na kupokea kwa zamu) haina tatizo hili, maana idadi ya watu imefungwa na kila mmoja anapata alichoweka. Wanafunzi waieleze tofauti hiyo wenyewe.

Methali: mtu anapokujibu kwa methali, mwombe methali pinzani. "Haraka haraka haina baraka" ina mwenzake "ngoja ngoja huumiza matumbo". Zote ni za kweli mahali pake, na iliyofichwa daima ni kwamba hapa ndipo mahali pake. Somo la nusu saa, lisizidi.

Tempels sasa

Baada ya miezi miwili ya kazi hii, darasa liko tayari kwa mjadala mzito, na upo wa nyumbani. Mwaka 1945, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, padri Mfransisko Mbelgiji Placide Tempels alichapisha kitabu juu ya falsafa ya Wabantu, kwa yale aliyoyaona Katanga. Hoja yake kuu: kwa Mbantu, kuwapo ni nguvu, kila kilichopo ni nguvu inayoongezeka au kupungua. Wakati ule, kukiri tu kwamba Waafrika wana falsafa lilikuwa jambo la ujasiri. Lakini alidhani pia kwamba wenye falsafa hiyo hawawezi kuipanga na kuieleza wenyewe, na kwamba Mzungu ndiye atakayewafanyia.

Waulize wanafunzi iliyofichwa. Benchi nyingi zitafika zenyewe pale alipofika mwanafalsafa Paulin Hountondji wa Benin katika miaka ya 1970: inadhaniwa kwamba umati mzima una wazo moja, tena bila kujua. Hountondji alijibu kwamba falsafa ni kazi ya watu wenye majina, wanaobishana wao kwa wao na kutoa sababu zao hadharani. V. Y. Mudimbe, mwanafalsafa mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi, akasukuma mbele zaidi: hata maneno tunayotumia kuijadili Afrika yametoka katika kile alichokiita maktaba ya kikoloni, yaani yale yaliyoandikwa juu ya Afrika na Wazungu wa kikoloni. Zoezi dogo linatosha: kila mwanafunzi aulize wazee wawili wa ukoo mmoja kama mtu aliyekufa bado anaweza kuwasaidia walio hai, na kwa nini. Majibu yasipolingana, na hayatalingana, sentensi ya Tempels imepata kesi yake ya kupinga.

Mdomo na usalama

Kwa majuma mawili ya kwanza, wanafunzi wafanye kazi hii kwa sentensi zao wenyewe tu, si za wazazi wala wahubiri. Anayeanza na za wengine anakuwa msumbufu, na Papa Prefe (mkuu wa shule) ataitwa. Wakifika kwa wakubwa, namna ya kuuliza ina uzito: "Papa, nisaidie nielewe: kama jambo hili lisingekuwa kweli, tungeona nini?" Swali hilo linamwachia mzee nafasi ya kujibu bila kushindwa mbele ya watoto. "Ushahidi uko wapi?" halimwachii.

Vita na siasa visiguswe muhula wa kwanza. Sentensi inayomtaja kiongozi au kundi lenye silaha haiandikwi ubaoni, haipigwi picha, haibaki kwenye kaye. Ujuzi uleule unajifunzwa kwa maji, motari na ndoto, na mwanafunzi ataupeleka mwenyewe anakotaka, kwa wakati anaoona ni salama. Futa ubao kabla ya kutoka.

Kwa interro ya alama 10 ninapendekeza: hitimisho 2, sababu 2, iliyofichwa 3, kesi ya kupinga au maelezo kwa nini haipo 3. Jina la Kilatini peke yake lipate sifuri. Mwanafunzi aliyeandika iliyofichwa tofauti na ya mwalimu, lakini inafunga daraja bila kuzidi, apewe 3 kamili.

Za kuanzia juma la kwanza, ziko hizi sita. Ya pili na ya tano ni nzima, usiwaambie.

"Amefaulu kwa sababu alisali."
"Makala (makaa) yameloa, kwa hiyo moto utachelewa kuwaka."
"Dawa hii ni ya miti, basi haiwezi kudhuru."
"Watu wote wa avenue wamesambaza, ndiyo maana naamini."
"Sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zimelala bila barafu tangu jana asubuhi, tusinunue."
"Alishindwa Examen d'État (mtihani wa taifa) mara mbili, kwa hiyo shule si yake."